Mitali ya Bibi Ilitoka Mgodi Gani?

MASWALI YA WASOMAJI: MAWE NA MADINI

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba. Bibi yangu mzaa mama alifariki akaniachia mitali miwili ya fedha, mizito, ya kufunga kwa pini. Sonara aliyenisafishia mwaka jana aliniambia hiyo ni fedha ya reale zilizoyeyushwa, si fedha ya siku hizi. Mwanangu yuko chuo, naye ananiambia wataalamu sasa wanapima fedha wakajua ilichimbwa mgodi gani duniani. Je, ni kweli? Na wakikata kipande, mtali si utaharibika? Nataka kujua fedha hiyo ilikuwa wapi kabla haijafika mguuni kwa bibi. *Mama wa Wete*

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi. Mwanao hakukudanganya, ila kaliruka jambo moja kubwa, nalo nitalieleza kwa urefu. Fedha ikipimwa inajua kukana kuliko inavyojua kukiri. Kusema "sikutoka huko" inaweza, tena waziwazi. Kusema "nimetoka hapa" inaiwia vigumu, hasa ikiwa imeshapita mikononi mwa sonara.

Nianze na reale zenyewe, maana sonara wako kasema neno la kweli. Wazee wetu wa pwani walikuwa na reale za aina aina, kila moja na jina lake. Reale ya Sham ndiyo ile yenye sura ya mama mnene aliyejitanda mtandio wa kizuka, Maria Theresa wa Austria. Reale ya mzinga ilikuwa ya Wahispania, ina nguzo mbili ambazo watu wa huku waliziona kama mizinga, na jina likabaki hivyo. Reale ya Fransa ni faranga tano za Ufaransa. Hata neno lenyewe asili yake ni Uhispania: sarafu yao kubwa ilikuwa na thamani ya reale nane, sisi tukaiita yote reale.

Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28 na chembe. Katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha, na zilizobaki karibu zote ni shaba. Kwa hiyo fedha halisi ni gramu 23 na kitu kwa kila reale. Nenda kaipime mitali yako kwenye mizani ya sonara, utakadiria ilimeza reale ngapi. Ukipata jibu uniandikie, nitafurahi kulijua.

Sasa tazama mtego ulipo. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo reale zake zimeendelea kupigwa na tarehe ile ile ya 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu hawakutaka nyingine. Zilipigwa Vienna, na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham, hata Bombay. Reale mbili zilizolala kwenye mkoba mmoja, sura moja, mwaka mmoja, moja yaweza kuwa ya zama za babu wa babu yako na nyingine ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huwezi kuuliza sura wala tarehe. Ukitaka kujua, uiulize fedha.

Na fedha unaiulizaje? Atomi zote za fedha zina protoni 47, hizo ndizo zinazoifanya iwe fedha. Lakini baadhi zina nyutroni 60 na baadhi zina 62, kwa hiyo wako ndugu wawili, fedha-107 na fedha-109, wa mwisho mzito kidogo. Ndugu kama hawa huitwa isotopu. Katika maumbile hakuna wa tatu anayedumu, na hawa wawili hawaozi, yaani hawageuki kuwa kitu kingine, hata ukikaa nao miaka bilioni. Chukua atomi 100 za fedha popote duniani: 52 hivi ni nyepesi, 48 hivi ni nzito. Hilo "hivi" ndilo watu wanalolipimia usiku na mchana.

Wewe ni mtu wa Pemba, basi nikupe karafuu. Tuseme kila shamba lina karafuu zenye vichwa na zilizopukutika vichwa, na kila shamba lina kiasi chake. Shamba hili, ukihesabu karafuu 100,000, zenye vichwa ni 51,840. Shamba lile ni 51,843. Kwa macho, na hata kwa mkono wa mchambuzi hodari, magunia hayo ni sawa sawa. Tofauti ya fedha kutoka mgodi hadi mgodi ni ndogo namna hiyo. Mashine inayoiona huigeuza fedha kuwa chembe zenye umeme ndani ya mwako wa gesi ya agoni wenye joto la maelfu ya nyuzi, kisha huzirusha zipite kwenye sumaku kubwa. Atomi nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, kila kundi likaangukia kikombe chake, na vikombe vyote vinasomwa kwa wakati mmoja.

Moto wa sonara haubadilishi hesabu hiyo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini haichemki mpaka nyuzi 2,162, na chungu cha sonara hakifiki huko. Ikiyeyuka inabaki chunguni karibu yote, nyepesi na nzito pamoja. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa kwa vitu vilivyoyeyushwa mara tatu, mara nne.

Nikupe mfano wa kazi iliyofanyika. Mwaka 2011 watafiti wa Lyon, Ufaransa, miongoni mwao Anne-Marie Desaulty na Francis Albarède, walichapisha vipimo vya sarafu 91: za Mediterania ya kale, za Ulaya ya zama za kati, za Uhispania, Mexico na milima ya Andes. Walipima isotopu za fedha, za shaba na za risasi katika sarafu zile zile. Sote tulifundishwa kwamba baada ya migodi ya fedha kugunduliwa Potosí, huko Andes, mwaka 1545 na Zacatecas, Mexico, mwaka 1546, Uhispania ilifurika fedha ya Amerika. Basi mtu angetegemea sarafu za Uhispania zijae fedha hiyo upesi. Walichokuta ni kwamba mpaka enzi za Mfalme Philip III, aliyetawala 1598 hadi 1621, sarafu hizo bado zilikuwa kwa sehemu kubwa fedha ya Ulaya. Baada ya enzi za Philip V, katika karne ya 18, fedha hiyo ya zamani ilikuwa imekwisha kufagiliwa, na mahali pake imekaa fedha ya Mexico. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliyarudia mara mbili. Vitabu vya hesabu za bandari vinaandika fedha iliyoshuka melini. Havisemi ilikwenda wapi baada ya kushuka. Sarafu yenyewe ilikuja ikatoa ushahidi.

Na tunajua kwa njia nyingine kwamba fedha nyingi ya Amerika haikulala Ulaya. Ilivuka kwenda Asia kununua hariri na viungo, nyingine kwa meli za Manila, nyingine kwa kuzunguka Afrika na kuingia bahari yetu hii. Reale ya mzinga iliyofika Pemba ni tone la mto huo.

Kwa hiyo mitali ya bibi yako ikipimwa itasema nini? Chukua karafuu za Konde, za Mkoani na za Unguja uzimwage katika gunia moja uzikoroge. Nikihesabu vichwa nitapata wastani, na kutoka kwenye wastani siwezi kukutajia mashamba. Naweza tu kusema: hili gunia haliwezi kuwa la Konde peke yake. Sonara aliyetia chunguni reale tatu za Sham na moja ya mzinga kafanya vivyo hivyo. Pengine kipimo kitakuambia kwamba fedha yako inapatana na ya Mexico, au kwamba haipatani nayo hata kidogo. Jina la mgodi hutalipata, na mtu akikuahidi jina la mgodi kwa malipo, mkimbie.

Ungeniuliza mimi fedha ipi ya Pemba ipimwe kwanza, ningekuonyesha ng'ambo ya hori, hapo hapo kwenu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, vijisarafu vidogo vyepesi vyenye majina ya watawala wa Kiislamu wa huku huku pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za ugenini. Ni fedha ya karne ya 11, miaka mia nne na zaidi kabla ya Potosí. Amerika inatoka kwenye orodha kabla hata mashine haijawashwa, na maswali yanabaki machache na mazuri: je, fedha hiyo inafanana na ya migodi ya Panjshir, kule Afghanistan, iliyolisha sarafu za Waislamu wa mashariki? Au na mingine? Hilo ni swali ambalo fedha inaweza kulijibu vizuri, kwa sababu iliingia ardhini ikakaa, hakuna aliyeichanganya tena.

Kuhusu kukata, ondoa hofu. Zinatosha milligramu chache, vumbi la keekee nyembamba, uzito wake haufiki punje moja ya mchele. Hutolewa upande wa ndani, penye pini, ambapo hata wewe hutapaona. Lakini kabla ya yote hayo, usiisugue tena kwa asidi, na andika sasa hivi, kwa tarehe, aliyoyasema sonara na unayoyakumbuka kwa bibi: nani alimfulia, mwaka gani, kwa harusi ya nani. Hayo hakuna mashine itakayoyasoma.

Swali: Nasoma kidato cha sita, Musoma. Nimesoma kwamba asili ya fedha ya kale hutafutwa kwa isotopu za risasi iliyomo ndani yake. Kama njia ipo na inafanya kazi, kwa nini wahangaike na isotopu za fedha zinazotofautiana kidogo hivyo?

Jibu: Swali lako nalijua kwa mikono, kijana wangu. Miaka 14 nilipima dhahabu kwa tanuri huku kanda ya Ziwa kabla sijarudi shule. Unasaga jiwe likawa unga, unachanganya na oksaidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano kiasi, unatia tanurini kwenye nyuzi 1,000 na kupanda. Unga wa ngano unaigeuza oksaidi kuwa risasi safi, matone yake yananyesha ndani ya ule uji wa jiwe, yanakamata dhahabu na fedha, yanazama nayo chini. Unamimina, unaacha ipoe, unaligonga gome la kioo kwa nyundo, mkononi unabaki na kitufe cha risasi kizito kama jicho la samaki mkubwa.

Kitufe hicho unakiweka kwenye kikombe cha majivu ya mifupa na kukirudisha motoni. Risasi inaungua, inageuka oksaidi, kikombe kinainywa kama mchanga unavyokunywa maji. Mwishoni kabisa tone linaanza kucheza rangi, utepe wa zambarau na kijani unakimbia juu yake, halafu linametameta mara moja, pap, na linatulia. Hapo risasi imekwisha. Umebaki na shanga ndogo ya dhahabu na fedha. Nimeliona hilo mara maelfu na sijalichoka.

Sasa jiulize: ile risasi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ndoo, tuliinunua. Haikutoka kwenye jiwe lile. Na kikombe hakiinywi yote, chembe hubaki ndani ya fedha. Mtu akija kupima isotopu za chembe hizo atajua habari za ndoo yangu.

Watu wa kale walifanya kazi hiyo hiyo. Laurion, kusini mwa Athens, hapakuwa na tabu, kwa sababu fedha ilikuwa ndani ya jiwe la risasi lenyewe, galena, na zote mbili zilitoka shimo moja. Ndiyo fedha iliyojenga jeshi la majini la Athens baada ya mshipa mnono kupatikana mwaka 483 kabla ya Kristo. Pale risasi inasema kweli. Lakini Rio Tinto, Uhispania, mawe ya fedha yalikuwa na risasi haba, na wayeyushaji wa kale walilazimika kuleta risasi ya kwingine ili iikamate fedha. Na Mexico, kuanzia miaka ya 1550 Bartolomé de Medina alipoanzisha Pachuca njia ya kukamata fedha kwa zebaki na chumvi, risasi haikuhitajika kabisa katika hatua hiyo.

Risasi ina faida yake, nayo ni kubwa: sehemu yake inazaliwa na urani na thori zinazooza, kwa hiyo uwiano wake hutofautiana sana kwa umri wa miamba, na kuupima ni rahisi. Fedha hutofautiana kwa sehemu moja au chache katika 10,000. Ila fedha inajisemea yenyewe, haisemewi na jirani. Wanaojua kazi hupima zote mbili, na shaba pia.

Ugumu wake nimeuonja. Nilipokuwa chuoni niliyeyusha sampuli ya fedha katika asidi ya nitriki, maji meupe safi, nikasuuza chombo kwa maji niliyoambiwa yamechujwa. Kumbe hayakuchujwa. Klorini ya bomba iliikuta fedha na papo hapo likatanda wingu jeupe kama tui la nazi, kloridi ya fedha, likashuka chini. Ungesema chuja tu, uendelee na iliyobaki. Haiwezekani: fedha ikigawanyika, nusu ikaganda na nusu ikabaki majini, nyepesi na nzito hazigawanyiki sawa sawa, na kipimo kitakachotoka ni cha ajali yako. Sampuli ile ilikuwa ya mwisho. Tangu siku hiyo nikikabidhiwa maji ya maabara hudondosha kwanza tone la nitrati ya fedha pembeni nione kama yatatanda ukungu, na wanafunzi wangu wote nimewazoesha hivyo.

Swali: Mama, mimi ni mwanafunzi wa Vwawa, karibu na kimondo cha Mbozi. Nasikia fedha hupimwa hata kwenye vimondo. Fedha inatafuta nini huko?

Jibu: Saa, mwanangu. Zamani sana, mfumo wa jua ulipokuwa unazaliwa, kulikuwa na paladi-107, isotopu ya metali iitwayo paladi, ambayo huoza ikawa fedha-107. Kila miaka milioni 6.5 nusu yake hutoweka, kwa hiyo leo haipo kabisa. Lakini mwaka 1978 watafiti Kelly na Wasserburg walipima kimondo cha chuma cha Santa Clara, kutoka Mexico, wakakuta fedha-107 imezidi. Maana yake chuma kile kiliganda mapema, paladi hiyo ikiwa bado hai ndani yake. Kimondo chenu nacho ni cha chuma. Ukienda tena kukitazama, peleka mkono kwenye lile jeraha ambapo watu walikata vipande, uone chuma cha anga kilivyo kigumu.

Swali: Mimi ni mchimbaji mdogo, Mpanda. Wazee wanasema mgodi wa risasi wa wakati wa Mwingereza ulikuwa unatoa fedha pia. Nimepata mawe mazito ya kung'aa. Hiki kipimo cha isotopu kinaweza kunionyesha mshipa ulipo?

Jibu: Wazee wako sahihi. Uruwira, mgodi wa Mukwamba, ulitoa risasi yenye fedha, na reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili yake. Mawe yako mazito ya kung'aa yanayovunjika kwa pembe kama vijisanduku huenda ni galena.

Kipimo hiki hakitakuonyesha pa kuchimba. Kinachoweza ni kueleza jiwe lilizaliwaje. Fedha husafiri chini ya ardhi ndani ya maji moto yenye chumvi na salfa, na huganda maji yanapopoa, yanapochemka au yanapokutana na mwamba wa namna nyingine. Fedha iliyoganda kule kwenye joto kali hukaa na uwiano unaokaribiana. Iliyokuja baadaye kuyeyushwa tena na maji ya mvua karibu na uso wa nchi, ikaganda upya kwenye ubaridi, hutawanyika zaidi, kwa sababu kila fedha inapoyeyuka majini na kuganda nusu nusu, ndugu wale wawili huachana kidogo. Mtafiti akiona mtawanyiko huo anajua anashika fedha iliyohama. Kwako wewe swali ni gramu ngapi kwa tani, na hilo hujibiwa na tanuri la kawaida kwa gharama unayoimudu.

Chagua mawe ya sehemu tatu tofauti za shimo, si yale yanayong'aa tu, kilo mbili kila sehemu, kila fungu na mfuko wake na karatasi ya kina chake, uyapeleke maabara ya upimaji. Kuyachoma mwenyewe nyumbani usijaribu. Moshi wa risasi hauna harufu ya kukuonya, na unaingia kwanza kwa watoto.